Jinsi nilivyoanza kuishi kwa mshahara wa mwezi uliopita

Kwa miaka mingi mshahara wangu ulikuwa wa kupita njia. Ukiingia, siku chache tu umeshagawanyika: kodi ya nyumba, umeme, maji, nauli, madeni. Kinachobaki nakivuta hadi katikati ya mwezi, halafu naanza kuungaunga: advansi kazini, mkopo wa haraka, kumkopa mwenzangu ambaye naye anahesabu siku kama mimi. Mshahara mpya unaingia huku nusu yake imeshakuwa mali ya watu.

Ushauri niliokuwa nikipewa ulikuwa mmoja: punguza anasa. Haya, nilipunguza. Tatizo ni kwamba sikuwa na anasa za kunitoa kwenye shimo lile. Mtu akishaacha soda na kula nje, bado kodi iko palepale.

Kilichonifungua macho ni daftari. Sikutumia programu wala majedwali. Niliandika tarehe, kitu na kiasi, basi. Dada mmoja wa idara ya uhasibu, mkubwa kwangu kwa umri, ndiye aliyenisukuma. "Mdogo wangu," aliniambia, "usiandike ili ujihukumu. Andika tu, hesabu utafanya baadaye." Nilishika hilo, na nadhani ndiyo sababu sikuacha njiani. Daftari la kujilaumu halimalizi hata mwezi.

Nilipokuja kulisoma kwa utulivu, nilikuta vitu vidogo vya kila siku havikuwa vikiniangusha kiasi hicho. Vilivyoniangusha ni vile vinavyokuja mara moja au mbili kwa mwaka: ada ya shule, sare na viatu vya watoto, bima, matengenezo, sikukuu, michango ya harusi na misiba. Kila kimoja kilipokuja nilikiita dharura na kukimbilia mkopo. Lakini bima ina tarehe yake. Shule hufunguliwa kila mwaka. Miguu ya watoto inakua, hilo si siri. Ukiacha misiba, karibu vyote vilikuwa vimeshaandikwa kwenye kalenda.

Basi nikaviorodhesha vyote kwenye ukurasa mmoja, kushoto jina la kitu, kulia mwezi wake na kiasi, nikajumlisha na kugawa kwa 12. Jibu lilikaribia moja ya sita ya mshahara. Maana yake, kila mwezi nilikuwa nikipanga maisha kwa pesa ambayo sehemu yake ilikuwa imeshatumika, ila bado sijadaiwa. Iliniuma, lakini ilieleza kila kitu.

Nikafungua akaunti ya pili, isiyo na kadi wala njia ya kutoa kwa simu, na kuandika agizo benki pesa ihamishwe kesho yake baada ya mshahara kuingia. Siku hiyo ndiyo siri yenyewe. Kuweka akiba mwisho wa mwezi kwa kinachobaki nilishajaribu sana, na hakuna kitu kinachobaki. Nilianza na kiasi kidogo hata karani alitabasamu, kwa kuwa madeni yalikuwa bado yananibana. Moja ya sita nzima nilikuja kuifikia baadaye.

Kwenye madeni kuna hesabu ambayo kila mwenye mkopo wa haraka anapaswa kuifanya kwa mkono wake. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Lakini usipolipa kitu, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni, 100 uliyokopa inakuwa karibu 314 baada ya miezi 12. Akiba yako benki, hata ikilipwa asilimia 5, hiyo ni ya mwaka mzima. Kwa hiyo kulipa deni la namna hiyo kunakuingizia faida kuliko akaunti yoyote ya akiba. Hesabu inasema anza na lenye riba kubwa, na mikopo ya haraka niliianza kweli. Ila nilimaliza kwanza vijideni vya marafiki, ambavyo havikuwa na riba hata senti. Nilichoka kukwepa watu kwenye korido, na hilo halimo kwenye kikokotoo chochote.

Hata hivyo sikumimina kila kitu kwenye madeni. Niliacha akiba kidogo pembeni, kwa sababu asiye na kitu kabisa, mtoto akipata homa usiku tu, anarudi kwa mkopeshaji yuleyule aliyemaliza kumlipa juzi. Deni lilipoisha, rejesho lake halikurudi mfukoni. Lilielekezwa kwenye ile akaunti ya pili. Nilishazoea kuishi bila hiyo pesa, kwa nini nijizoeshe upya?

Pesa ya matumizi nayo ilikuwa na kamtego. Nilikuwa nikiigawa kwa wiki nne, kila wiki na bahasha yake. Inaonekana sawa mpaka ukumbuke kwamba wiki nne ni siku 28, na miezi saba ya mwaka ina siku 31. Zile siku tatu za mkiani hazikuwa na bahasha, na ndizo zilizokuwa zikinipeleka kukopa. Sasa nagawa kwa idadi ya siku za mwezi husika. Ni jambo dogo sana, na naona aibu kidogo jinsi lilivyosaidia.

Advansi ilikuwa ngumu kuliko mikopo. Haina riba, ndiyo maana inanasa. Unakula mwezi ujao bila kuhisi gharama. Kuiacha kwa mara moja kungenirudisha kwenye mikopo, hivyo kila mwezi niliomba pungufu kidogo ya mwezi uliotangulia hadi ikafa yenyewe. Kuanzia hapo nilianza kuvuta upande wa pili: kubakiza pesa ya siku chache za mwezi ujao, kisha ya wiki, kisha ya wiki mbili. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Leo mshahara ukiingia hauna haraka, unasubiri mwezi uanze, na mwezi huu naumaliza kwa pesa ya mshahara uliopita. Juzijuzi mishahara ilichelewa, na nilisikia habari hiyo kwa wenzangu.

Kuhusu ndugu na jamaa, sitajifanya nimepata dawa. Ukianza kuwa na chochote, watu wananusa. Mimi niliingiza kusaidia watu kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, fungu maalumu kila mwezi. Likiisha nasema, "Kaka, la mwezi huu limekwisha, nikumbushe mwezi ujao," na nasema kweli. Wengine wamenuna. Wachache, kwa kweli, wanakumbusha.

Kwa sasa najenga akiba ya miezi mitatu, na naipima kwa matumizi, siyo kwa mshahara, maana kazi ikikatika hakuna nauli ya kwenda kazini. Kinachonisumbua ni mfumuko wa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 na benki ikinipa 3, akiba inasinyaa huku salio likiongezeka. Ile ya dharura naiacha hivyohivyo, kazi yake ni kuwapo. Itakayozidi hapo naitafutia sehemu yenye faida kubwa zaidi. Nimeanza kusoma kuhusu hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa kwa muda maalumu ikulipe riba, na yule dada wa uhasibu ameshanionya nisitie humo hata shilingi ya ada ya shule.