Kumbukumbu ya mradi: klasta ndogo ya Hadoop na Spark, awamu ya kusaka makosa ya usanidi

Mradi huu una lengo moja: kuhesabu maneno, pamoja na jozi za maneno yanayofuatana, katika nakala nzima ya makala za Wikipedia, kwa kutumia kompyuta nne zilizounganishwa kuwa klasta. Mashine ya kwanza inaendesha NameNode, msimamizi wa HDFS (mfumo wa Hadoop wa kuhifadhi faili kwenye mashine nyingi), na ResourceManager, msimamizi wa YARN (sehemu ya Hadoop inayogawia kazi RAM na vichakataji); tatu zilizobaki, kila moja ikiwa na gigabaiti 8 za RAM, zinahifadhi data kupitia huduma ya DataNode na kufanya hesabu yenyewe chini ya huduma ya NameNode ya kazi, yaani NodeManager. Programu ya kuhesabu nimeiandika kwa Python juu ya Spark, mfumo unaogawa hesabu kwa mashine nyingi. Ni fupi, na kwenye kompyuta moja inatoa majibu sahihi. Awamu ninayoieleza hapa ni ya kuitoa programu hiyo kwenye kompyuta moja na kuipeleka kwenye klasta, na sehemu kubwa ya awamu hii imekwenda kwenye usanidi.

Jambo ninaloliamini sasa, na ambalo nimeliandika juu kabisa katika daftari la mradi, ni kwamba kabla ya kujiuliza thamani ipi ndiyo sahihi, ni lazima kujua ni mchakato upi unaoisoma thamani hiyo, kwenye mashine ipi na kutoka faili ipi. Hadoop hupakia kwanza thamani chaguomsingi zilizofungwa ndani yake, kama zile za core-default.xml na yarn-default.xml, kisha huweka juu yake yaliyomo katika core-site.xml, yarn-site.xml na faili nyingine za namna hiyo. Jina la kigezo likikosewa herufi moja, hakuna onyo linalotolewa: jina hilo geni hupokelewa kimya kimya, na kigezo halisi hubaki na thamani yake ya awali. Ndiyo maana mtu anaweza kuihariri faili, akawasha upya huduma zote, na tabia ya klasta isibadilike hata chembe.

Kwa bahati nzuri, mchakato wenyewe unaweza kuulizwa. Huduma za Hadoop zenye ukurasa wa wavuti hutoa pia anwani ya /conf: ya ResourceManager iko kwenye porti 8088, na ya kila NodeManager iko kwenye porti 8042. Ukurasa huo unaonyesha usanidi ambao mchakato unaufuata wakati huo, na kwa kila kigezo unataja chanzo chake. Kwenye mojawapo ya nodi zangu, kigezo cha yarn.nodemanager.resource.memory-mb kilikuwa kimeandikwa 6144 katika yarn-site.xml, lakini /conf ya NodeManager ya nodi hiyohiyo ilionyesha -1, na chanzo kilichotajwa kilikuwa yarn-default.xml. Maana yake ni kwamba, kwa kuwa ugunduzi wa vifaa (NodeManager kujipimia yenyewe RAM ya mashine) haukuwa umewashwa, -1 hiyo ilihesabiwa kuwa megabaiti 8192, yaani RAM yote ya mashine, bila kubakiza chochote kwa mfumo wa uendeshaji wala kwa DataNode inayokaa humo humo. Mstari huo mmoja ulimaliza mjadala wa kama 6144 ni nyingi au ni kidogo, kwa sababu faili yenye 6144 haikuwa imesomwa kabisa. Huduma hiyo ilikuwa imewashwa na systemd, programu ya Linux inayowasha huduma, na maelezo yake ya systemd yalielekeza HADOOP_CONF_DIR, kigezo cha mazingira kinachotaja saraka ya usanidi, kwenye saraka iliyokuja na kifurushi, ilhali usanidi wa klasta nzima unakaa katika /etc/hadoop/conf.

Hapa niongeze kwamba systemd haisomi .bashrc (faili ya mipangilio ya terminali) ya mtu yeyote, kwa hiyo vigezo vya mazingira vilivyoandikwa humo havifiki kwenye huduma. Hata skripti ya start-dfs.sh, ambayo huwasha HDFS kwa kuingia kwenye nodi kupitia ssh, hukumbana na jambo linalofanana: .bashrc ya Ubuntu hukatisha mapema inapoona kwamba hakuna mtu kwenye terminali, na NameNode hulalamika kuwa JAVA_HOME (kigezo kinachotaja Java ilipo) haijulikani, ingawa ukiingia mwenyewe na kuiandika amri ya echo unaiona bila shida. Mahali pake panapofaa ni hadoop-env.sh.

Kosa lililofuata lilionekana kuwa la mtandao. Kazi ya Spark ilipotumwa kutoka kompyuta ninayoandikia programu, logi ilijaa mistari ya kujaribu tena na tena kuunganishwa na 0.0.0.0 kwenye porti 8032. Anwani hiyo inatoka kwenye thamani chaguomsingi ya yarn.resourcemanager.hostname, na 8032 ndiyo porti ambayo ResourceManager hupokelea kazi kutoka kwa wateja. Mteja asiyeiona yarn-site.xml anafanana na mtu anayebisha hodi mlangoni kwake mwenyewe akimtafuta jirani. Spark huipata yarn-site.xml kupitia HADOOP_CONF_DIR au YARN_CONF_DIR, na palipoelekezwa ipasavyo mistari ile ilikoma. Ningependa kila anayeanza kazi hii aijue anwani hiyo kwa sura, kwa maana inaokoa muda mwingi wa kukagua kebo na kinga za mtandao ambazo hazina kosa lolote.

Lakini lipo pia kosa la mtandao la kweli linalofanana na hilo. Mifumo ya Debian na Ubuntu mara nyingi huandika katika /etc/hosts jina la mashine kando ya anwani 127.0.1.1. NameNode inapolitafsiri jina lake mwenyewe kwa mstari huo, husikiliza kwenye anwani ya ndani tu, na DataNode za mashine nyingine hukataliwa. Amri ya ss -ltn kwenye mashine ya NameNode inaonyesha wazi ni anwani ipi inayosikilizwa; ukiona 127.0.1.1, uufute mstari huo katika /etc/hosts na uweke anwani halisi ya mashine.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni ya RAM, na ninaieleza kwa hesabu kamili kwa sababu ushauri wa kuongeza kumbukumbu hutolewa ovyo mno. Kila nodi yangu inaipa YARN megabaiti 6144. Nikiomba mtendaji wa Spark (executor, mchakato unaofanya hesabu kwenye nodi) mwenye gigabaiti 4, Spark haiombi 4096: huongeza asilimia 10, au megabaiti 384 ikiwa asilimia hiyo ni ndogo zaidi, kwa ajili ya matumizi yaliyo nje ya nafasi ya Java. Ombi huwa megabaiti 4505. YARN nayo, kwa kipimo cha chini cha 1024, hulipandisha hadi kizidisho kinachofuata, yaani 5120. Katika nodi hubaki 1024, ambayo inamtosha msimamizi wa kazi (ApplicationMaster, mchakato unaoiombea kazi rasilimali kwa YARN) katika hali ya mteja, yaani dereva, mchakato unaoiongoza programu, akibaki kwenye kompyuta inayotuma kazi, kwa kuwa msimamizi huyo huomba 512 na 384 za ziada, jumla 896, ikapandishwa hadi 1024. Nodi inajaa sawasawa. Mtendaji akiongezwa hadi gigabaiti 5, ombi lake huwa 5632 na hupandishwa hadi 6144, na nodi inayombeba msimamizi haiwezi tena kumpokea mtendaji yeyote. Kwa hiyo kuongeza gigabaiti moja kwa kila mtendaji kunaipotezea klasta yangu theluthi moja ya watendaji wake, na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaolisema hilo. Kazi inakwenda polepole tu.

Kontena, yaani fungu la RAM na kichakataji ambalo YARN huupa mchakato, linapouawa, namba ya kutoka (exit code) hueleza mengi kama ikisomwa vizuri. Namba 137 ni 128 na 9, yaani mchakato umepewa ishara ya 9; katika klasta yangu aliyefanya hivyo alikuwa kerneli ya Linux baada ya kuishiwa RAM, na dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ilimtaja aliyeuawa. Namba 143 ni 128 na 15, na mara nyingi muuaji ni NodeManager baada ya kuona kontena limevuka kikomo chake. Tiba za hali hizi mbili zinapingana. Katika ya kwanza, YARN imeahidi RAM ambayo mashine haina, na kinachotakiwa ni kupunguza. Katika ya pili, kontena limeomba pungufu ya linachotumia.

Hata hiyo 143 ina sura mbili. Kontena la megabaiti 1024 lilikuwa likiuawa huku likitumia RAM halisi kidogo sana, na ujumbe ulisema limevuka gigabaiti 2.1 za kumbukumbu pepe, yaani nafasi iliyotengwa hata kama haijatumia RAM. Kiasi hicho hutokana na yarn.nodemanager.vmem-pmem-ratio, ambayo thamani yake chaguomsingi ni 2.1. Java tangu toleo la 8 hutenga nafasi pepe ya gigabaiti moja kwa maelezo ya madarasa, na maktaba ya glibc nayo hutenga maeneo mengi kwa nyuzi (threads) mbalimbali, kwa hiyo kipimo hicho hupanda bila RAM halisi kuguswa. Kwa maoni yangu ukaguzi huu ni bora uzimwe kwa yarn.nodemanager.vmem-check-enabled, na ule wa RAM halisi ubaki. Kumbuka tu kwamba anayekisoma kigezo hicho ni NodeManager: kukiandika kwenye kompyuta inayotuma kazi, au kukipitisha kwenye amri ya spark-submit, hakubadilishi kitu.

HDFS ilinionyesha kinyume chake. Nilitaka kila kipande cha data kiwe na nakala 2 badala ya 3 ili kuokoa diski, na dfs.replication ikaandikwa 2 katika hdfs-site.xml ya NameNode. Faili mpya ziliendelea kuonyesha 3 katika safu ya pili ya hdfs dfs -ls. Sababu ni kwamba idadi ya nakala huamuliwa na mteja anayeandika faili, sawa na ukubwa wa kipande, yaani dfs.blocksize, ambao chaguomsingi yake ni megabaiti 128. Kigezo kilihitajika kwenye usanidi anaousoma mteja, na faili zilizokwisha kuandikwa zilibadilishwa kwa hdfs dfs -setrep. Amri ya hdfs getconf -confKey inafaa kwa swali hili la mteja, kwa kuwa husoma faili za mashine unayoiendeshea. Isichukuliwe kuwa jibu la huduma inayokimbia, kwa maana hilo ni la /conf.

Kwa upande wa Spark, yaliyoandikwa ndani ya programu hushinda yaliyotajwa kwenye spark-submit, na hayo hushinda ya spark-defaults.conf. Kuna hali moja inayokwepa utaratibu huo: katika hali ya mteja, spark.driver.memory ikiandikwa ndani ya programu haina athari, kwa sababu Java ya dereva imekwisha kuwashwa kabla mstari huo haujafikiwa. Python pia ilihitaji uangalizi. Dereva alikuwa na toleo moja na nodi toleo jingine, na Spark ilikataa kuendelea hadi PYSPARK_PYTHON ilipoelekezwa kwenye toleo moja kila mahali.

Foleni ilileta suala lake. Kazi ya pili ilikaa kwenye hali ya ACCEPTED, yaani imepokewa lakini haijaanza, wakati RAM ya klasta ilikuwa bado tele. Mpangaji wa Capacity huwawekea wasimamizi wa kazi kikomo cha asilimia 10 ya rasilimali; kwa klasta yangu ya megabaiti 18432 (6144 mara tatu) hiyo ni kama 1843, na msimamizi wa kazi inayoendeshwa katika hali ya klasta, ambapo dereva, hapa wa gigabaiti 1, hukaa ndani ya msimamizi huyo, tayari huchukua 2048. Kazi ya kwanza huruhusiwa kuanza, ya pili husubiri. Nimepandisha yarn.scheduler.capacity.maximum-am-resource-percent hadi 0.3, kiwango ambacho naona kinafaa kwa klasta ndogo.

Mengine nayataja kwa ufupi. Diski ya nodi ikijaa kupita asilimia 90, NodeManager huiona kuwa mbovu na nodi hutoka kazini hata kama kila kitu kingine ni kizima. Saa za mashine zikitofautiana, kontena huweza kukataliwa kwa madai kwamba kibali chake kimekwisha muda. Na faili kubwa iliyobanwa kwa gzip husomwa na kazi ndogo moja tu, kwa kuwa haigawanyiki, ilhali ya bzip2 hugawanyika. Mtu anaweza kulitafuta kosa la usanidi hapo asilipate kamwe.

Kuhusu logi, yarn.log-aggregation-enable chaguomsingi yake ni kuzimwa, na bila hiyo logi za kontena hubaki kwenye nodi na kufutwa baada ya sekunde 10800, yaani saa 3. Sasa imewashwa, na amri ya yarn logs hunipa logi zote za kazi mahali pamoja. Pia nimeandika skripti inayochukua /conf ya kila NodeManager na kuzilinganisha. Nodi zote tatu sasa zinaonyesha 6144, na chanzo chake ni yarn-site.xml.

Hesabu ya maneno moja moja imepita kwenye data nzima bila kontena kuuawa. Ya jozi bado haijapita, kwa sababu inasafirisha data nyingi zaidi kati ya nodi, na spark.sql.shuffle.partitions, idadi ya sehemu ambazo data hiyo hugawanywa, ingali kwenye 200 ya chaguomsingi. Kabla ya kuibadilisha nitafungua ukurasa wa mazingira wa Spark kwenye porti 4040 kazi ikiwa inaendelea, nione ni thamani ipi inayotumika na kila sehemu inabeba data kiasi gani.