Kiafrika tu

Usiku wa tatu huu tangu turudi, na lile neno halijanishuka kooni.

Tulikuwa Eguisheim, kile kijiji cha Alsace, mkoa wa Ufaransa mpakani na Ujerumani, ambacho nyumba zake zimejipanga duara nje ya duara kuizunguka ngome. Mvinyo hatunywi, mnatujua, lakini bibi mmoja mwenye mizabibu alikuwa akiuza juisi uani kwake, tukaingia. Tukabishana tuchukue chupa ngapi. Bibi akatusikiliza, kisha akauliza kwa Kijerumani: "Lugha gani hiyo, tamu hivyo?"

Baba Nasra akajibu huku akihesabu chupa: "Ah, Kiafrika tu."

Ile "tu" ndiyo iliyonichoma. Mtu aliyekulia Chumbageni, Tanga, akaamshwa na tenzi za bibi yake! Garini nikamuuliza kwa nini.

"Mama Nasra, bibi wa watu Kiswahili angekijulia wapi?"

"Si ungemwambia, akakijua?"

Kimya mpaka Riquewihr.

Kilomita 170 za Njia ya Mvinyo tumezimaliza, Marlenheim hadi Thann, kanisa kuu la Strasbourg tumeliona, na Jumatano mkataba wangu wa kudumu ukatoka, alhamdulillah. Lakini nikifunga macho nasikia "Kiafrika tu". Nasra siku hizi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani. Kama baba yake ndiye anayesema "tu", mtoto atasemaje?

Kuna jambo sijamwambia Baba Nasra. Alipotoka kupakia chupa, nilibaki nikilipa, nikamwambia yule bibi: ni Kiswahili, lugha ya kwetu Tanga. Akanishika mkono. Akasema babu yake alizaliwa Mjerumani, 1918 akawa Mfaransa, 1940 Mjerumani tena, 1945 akarudi kuwa Mfaransa, na nyumba ni hiyohiyo, hakuhama hata siku moja. Yeye mwenyewe shuleni aliadhibiwa kwa kusema Kialsace, akafundishwa kukionea haya. Wajukuu zake hawakijui. Alilitamka polepole, ki-swa-hi-li, kama mtu anayeonja kitu, akaniuliza "merci" tunasemaje.

Tulipokuwa tunaondoka akasimama mlangoni akapunga: "Asante! Asante!" Baba Nasra akashtuka, akashusha kioo, na kabla hajafikiri likamtoka: "Karibu, bibi!" Kwa sauti ya nyumbani kabisa, ile ya barazani. Nimesahauje kuiandika mapema hiyo? Sasa hivi nimecheka peke yangu jikoni, na ile juisi ndiyo ninayokunywa.

Mama hapokei simu tangu jana asubuhi. Jirani kasema amemwona akianika mihogo, lakini hakuniambia kama alikuwa anatembea sawasawa, na lile goti mnalijua.