Mkasi ule ule

Jumapili, saa nne usiku, gereji

Majibu ya vipimo vya ugonjwa wa miche yangu yalikuja juzi, nikiwa kwenye foleni ya mafuta. Miche sita, vichupa sita, na mbele ya vinne neno moja tu: inao. Nikarudisha simu mfukoni, nikajaza mafuta, nikaondoka bila kufunga kifuniko cha tangi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naishi Sacramento, California, na kwenye gereji nyuma ya nyumba napanda bangi. Najua kuna walioguna. Hapa ni halali tangu kura ya Novemba 2016, mtu wa miaka 21 na kuendelea anaruhusiwa kuwa na miche sita nyumbani kwake. Hata hivyo nilingoja. Serikali kuu ya Marekani haijaihalalisha, na mwaka 2019 idara ya uhamiaji na uraia iliandika wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata kwenye jimbo linaloiruhusu, kunaweza kumwangusha mwombaji wa uraia kwenye kipengele cha tabia njema. Kwa hiyo ninyi wenye kadi ya kijani, someni tu, msipande. Mimi nilianza baada ya kula kiapo.

Mwezi wa tatu nilikuwa na miche miwili niliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Mbegu ni bahati nasibu, karibu nusu hutoka madume, na dume halina ua la maana. Nikaongeza vipandikizi vinne, dola 20 kimoja, kutoka duka lenye leseni ukutani na sakafu safi ya kulia wali. Kipandikizi ni tawi lililokatwa kwa mama likaoteshwa mizizi, kwa hiyo unachonunua ni mama yuleyule, jike kwa hakika, na tabia zake zinajulikana. Kila kimoja kilikuwa na kibandiko: jina la aina, tarehe, na neno "umepimwa". Sikuuliza umepimwa nini, wala lini, wala kama ni huo mche wenyewe au mama yake.

Miezi ya mwanzo hapakuwa na neno. Majani ya kijani, shina linapanda, mimi napita asubuhi na kikombe cha chai kama mwenye mashamba. Shida ilianza nilipopunguza taa hadi saa 12 kwa siku ili ichanue. Miwili kati ya ile ya dukani ikadumaa. Matawi yakatanuka kando badala ya kupanda juu, kama mtu aliyekunjua mikono fundi ampime shati. Siku moja nikifunga tawi kwenye kijiti, likakatika mkononi mwangu, kak, kama tambi kavu. Tawi zima la bangi haliwi hivyo, hupinda kwanza, linalalamika, ndipo linachanika. Na maua yalikuwa madogo, vile vinyweleo vya utomvu vya kuhesabika. Ua zuri ukilisugua kwa kidole gumba linanata kiasi kwamba sabuni peke yake haitoshi, unatafuta mafuta ya kula. Hili nililisugua, nikanusa kidole: majani yaliyofyekwa.

Nikalaumu kila kitu. Maji, taa, feni, mbolea. Nikanunua mbolea nyingine ya bei mbaya, ikawa kama kumpa pilau mtu mwenye malaria.

Maabara ndiyo iliyonipa jina la ugonjwa: viroidi fiche ya hopsi. Hopsi ndiyo ile inayotia bia uchungu, na bangi ni ya ukoo mmoja nayo. Kwenye hopsi mara nyingi inakaa kimya bila dalili, ndiyo maana ya hilo neno "fiche". Kwenye bangi watafiti waliiripoti kutoka California mwaka 2019, wakati wakulima walikuwa wameshachoka kulalamikia miche inayodorora bila sababu. Viroidi si bakteria, wala hata virusi haijafika. Ni uzi mtupu wa urithi, umefunga duara, hauna ganda wala hautengenezi protini yoyote. Aliyezigundua ni Theodor Diener, mwaka 1971, kwenye ugonjwa wa viazi, akiwa Maryland. Hii ya kwangu ina herufi 256 za urithi. Ungeziandika kwenye kitochi, meseji mbili hazijai. Na ndugu yake mwenye herufi kama 246 amemaliza minazi kwa mamilioni kule Ufilipino. Mtu wa pwani akisoma hivyo anaweka simu chini kidogo. (Binadamu haimdhuru, kabla hamjaniuliza. Ni ya mimea tu.)

Sasa hesabu. Vipandikizi vya dukani vilivyokuwa nayo ni vitatu. Wa nne katika orodha ya wagonjwa ni mche wangu mwenyewe, mmoja wa ile miwili ya mbegu.

Mbegu nayo inaweza kuibeba, lakini mara chache zaidi, na huu ulikaa vizuri hadi wageni walipofika. Nadhani najua ilivyotokea, na si dukani. Kila Jumamosi napunguza majani, naanzia kushoto naishia kulia, mkasi ule ule. Nilikuwa naufuta kwa spiriti kila nikihama mche, najiona daktari wa upasuaji. Spiriti haiifanyi kitu viroidi. Haina ngozi ya kuchunwa, huo uzi unabaki kwenye makali ukisubiri kidonda kingine. Kinachoivunja ni jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, na mkasi uachwe humo dakika nzima au zaidi, si kuchovya na kutoa kama mandazi kwenye sukari.

Na hapo ndipo usingizi uliponiishia, kwa sababu mwezi wa tano nilikata tawi la mche wangu huo wa mbegu, nikaliotesha, nikampelekea rafiki yangu Mkenya mtaa wa pili. Zawadi, bila malipo, sheria inaruhusu. Nililipeleka kwenye kikombe cha plastiki, nikajisifu njia nzima kwamba hili halina mambo ya dukani, hili ni la kwangu. Jana nikampigia. Akanyamaza, kisha: "Kwa hivyo umenipea ugonjwa na nikakushukuru?" Alicheka, lakini alipomaliza kucheka akaniuliza kama miche yake mingine mitano ipimwe. Nikamwambia ndiyo, na vipimo nitalipa mimi. Hakubisha.

Dukani nilikwenda pia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye gari. Kijana wa kaunta akasikiliza, akasema ilipotoka hapa ilikuwa mizuri. Nikamuuliza neno "umepimwa" lina maana gani, akaenda kuuliza, akarudi: mama alipimwa, jani lake, mwaka jana. Vipimo vya lazima vya jimbo ni vya bidhaa inayofika kwa mvutaji, sumu za wadudu, ukungu, metali nzito. Mche wenyewe haumo. Nilitaka kukasirika vizuri, nikashindwa. Yale aliyoyasema ndiyo ningemwambia rafiki yangu mwezi wa tano kama angeniuliza: ulipotoka kwangu ulikuwa mzuri.

Ila jani la mama, hilo nimelibeba hadi nyumbani. Kwa sababu viroidi hii haijigawi sawasawa ndani ya mmea. Jani linaweza kusema hamna na mzizi ukasema imo, ndiyo maana maabara niliyotumia inataka ncha ya mzizi, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Nilipokuwa napiga magoti natafuta mizizi kwenye chungu nilimkumbuka mjomba wangu, Muheza, chini ya milima ya Usambara, karibu na Amani.

Mihogo kule tunapanda kwa vijiti, hakuna anayepanda mbegu. Na vijiti vinabeba magonjwa, vinabeba batobato, vinabeba michirizi ya kahawia. Michirizi ndiyo mbaya kwa unafiki, majani yanaweza kukudanganya msimu mzima, siku ya kuvuna unakuta muhogo umeoza ndani, mkavu, rangi ya kahawa. Huko ni kwao hasa, ugonjwa huo uliandikwa kitaalamu mara ya kwanza pale Amani, mwaka 1936. Mjomba hakusoma hayo. Alichokuwa nacho ni desturi iliyokuwa ikinitia aibu utotoni: ukimpa vijiti vya kupanda, anakuomba kwanza mng'oe shina moja. Anaukata muhogo vipande vipande kwa panga mbele ya mwenye shamba, anaangalia weupe, ndipo anasema asante. Watu walimwona ana dharau. Mimi nilikuwa nimebeba kamba ya kufungia vijiti, naangalia pembeni.

Miaka thelathini baadaye nimeamini kibandiko.

Leo mchana nilimpigia. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba, mvua, bei ya machungwa. Kisha nikamwambia nina maua yangu yameingia ugonjwa. Bangi sikuitaja, mjomba ni mtu wa swala tano, na kule kwa mche mmoja unalala ndani.

"Maua ya kupanda kwa vijiti?"

"Ndiyo."

"Ulikagua mizizi kabla ya kununua?"

"Hapana, mjomba. Yalikuwa na cheti."

Akaguna ile ya Kitanga, ndefu. Akauliza kama kuna dawa. Nikamwambia hakuna ya kunyunyiza. Wenye maabara wanaweza kuchukua kipande chini ya milimita moja kwenye ncha kabisa ya mche, wakakikuza kwenye chupa kama ile miche ya migomba, na huenda kikatoka safi baada ya miezi. Si kazi ya gereji. "Basi ng'oa," akasema. "Yote yenye ugonjwa. Na lile unalolionea huruma, anza nalo."

Sikuwa nimemwambia kuna ninalolionea huruma.

Nimeng'oa mitatu ya dukani, iko kwenye mfuko mweusi umefungwa, vyungu vimelowekwa, mikono inanuka jiki hadi kwenye ugali. Wa mbegu bado umesimama. Hauna dalili hata moja, umejaa maua, bado wiki tatu uvunwe, na ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kupanda. Nimeusogeza pembeni mwa gereji, mbali na miwili iliyosalia, nimeufunika kwa shuka kuukuu kama maiti anayepumua.

Mkasi uko kwenye chupa ya jiki tangu juzi. Nimeutoa sasa hivi, springi imeshashika kutu.