Jinsi Nilivyotatua Pancha Katika Milima ya Vietnam

Nilikuwa nimekodi pikipiki mjini Ha Giang, kaskazini mwa Vietnam, na nilipokuwa kati ya miji ya Dong Van na Meo Vac, kwenye barabara ya mlima wa Ma Pi Leng, gurudumu la nyuma lilianza kuyumba kama punda aliyezidiwa na mzigo. Tairi lilikuwa limekwisha upepo kabisa.

Sikuiendesha tena, kwa sababu tairi tupu huzunguka juu ya ringi na kung'oa mdomo wa tyubu, na hapo pancha ya kiraka kimoja hugeuka gharama ya tyubu nzima, pengine na ringi yenyewe. Niliisukuma taratibu nikitafuta maandishi ya «Sửa xe», yaani matengenezo ya vyombo vya moto, ambayo huandikwa kwenye vibao na hata kwenye matairi makuukuu kando ya barabara. Nilipompata fundi, kabla hajafungua chochote, nilimtumia mwenye pikipiki picha, naye akaridhia.

Fundi aliijaza tyubu upepo, akaitumbukiza kwenye beseni la maji hadi mapovu yakaonyesha tundu, akaisugua kwa msasa na kubandika kiraka. Alipotaka kuirudisha nilimzuia kwa ishara, kwani lugha hatukuwa nayo, nikapitisha kitambaa ndani ya tairi. Kikanasa kwenye ncha ya waya ambayo ingeitoboa upya kabla sijafika bondeni. Aliing'oa kwa koleo, akacheka.

Niliirejesha pikipiki siku mbili baadaye, upepo ukiwa haujapungua.