Ijumaa tutakayoikosa

Zimebaki siku 23. Sebuleni hakuna tena pa kukalia ila mkeka. Makochi tumeshayapeleka kwa shemeji Muheza, na sauti zetu zimeanza kuvuma ukutani kama nyumba ya watu waliohamia jana. Watoto wamelala. Baba Zuhura yuko uani anapaka rangi dirisha la jikoni kwa mwanga wa simu, maana mpangaji anaingia tarehe mosi na ahadi ni deni. Mimi nimekaa chini na daftari. Wiki nzima nimejaza fomu za watu, leo niandike la kwangu.

Tunakwenda kuizunguka dunia. Nikiyaandika maneno hayo mkono bado unakuwa mzito. Miaka 7 tumeweka akiba, tumeuza kiwanja cha Pongwe, na Baba Zuhura ameacha kazi ya kutengeneza majokofu aliyoanza kabla hatujaoana. Mimi kazi yangu ya kufasiri naibeba kwenye kompyuta. Mungu akitujalia, sisi wanne tutaondoka Tanga tukifuata machweo, na baada ya miezi 10 tutarudi tukitokea mawio.

Mwanzo ilikuwa kinyume. Tulipanga kuanzia Muscat, kwa binamu zake Baba Zuhura, ambao wazee wao walihama Unguja baada ya 1964 na mpaka leo nyumbani mwao watoto wanagombezwa kwa Kiswahili. Kisha Malaysia, Singapore, Fiji, tuvuke bahari kuu mpaka Kanada kwa mdogo wangu, na mwisho Ulaya, tufike Hamburg. Hamburg ni ya marehemu baba. Alikuwa baharia, na jina la mji huo nililisikia kabla sijajua kusoma. Alikuwa akilitamka polepole, kama mtu anayemtaja rafiki.

Ratiba hiyo niliibandika mlangoni miezi mitatu. Halafu nikasoma vizuri masharti ya viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, nikaishiwa nguvu. Ombi halipokelewi ikiwa safari iko mbele kwa zaidi ya miezi 6, na unatakiwa kuomba katika nchi unayoishi. Mtu anayetoka Tanga Machi akitaka kuingia Ujerumani Desemba, viza hiyo hawezi kuipata kabla hajaondoka, na akishaondoka hayuko tena nyumbani pa kuombea. Nililia siku ile, sifichi. Baba Zuhura akaibandua ile karatasi, akaigeuza juu chini, akaibandika tena. Akasema, "Tuanze na wanaotudai mengi tungali hapa, tumalizie kwa wasiotudai."

Ndivyo ilivyo sasa. Ulaya kwanza, siku zisizidi 90. Kanada ya pili, na viza yake nayo tumeiombea hapa hapa. Halafu Fiji, Singapore na Malaysia, ambako Mtanzania anayekwenda kutembea hadaiwi viza. Muscat mwisho, tupumzike kwenye lugha yetu kabla ya kufika. Wenye pasipoti nyingine huenda huchagua njia kwa kuangalia ramani na hali ya hewa. Sisi njia imechorwa na pasipoti, na nimeacha kulisikitikia hilo, kwa sababu ndilo lililotupeleka machweo, na machweo yamekuja na jambo nitakalolieleza baadaye.

Karatasi zenyewe sitazisimulia zote. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 na hajafika 12. Zuhura ana 11 na Salim 8, kwa hiyo tumelipa yuro 270 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Bima nayo lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu. Chanjo ya homa ya manjano tumechoma wote, na kadi yake tangu 2016 haina tena mwisho wa muda, mtu akichanjwa basi. Shule, mkubwa ameshavuka upimaji wa Darasa la Nne na mdogo hajaufikia, kwa hiyo mwaka huu ndio uliokuwa na nafasi. Mwalimu wao mkuu amenipa vitabu na kunisisitiza hesabu zisilale.

Kilichotuchelewesha ni herufi moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa mwanangu ameandikwa Zuhra, kwenye karatasi nyingine zote Zuhura. Miaka 11 hatukuiona ile "u" iliyopotea. Kwenye ofisi moja nikaambiwa huyo ni mtoto mwingine. Mwanangu alikuwa amesimama kando yangu, ameshika mkoba wangu, akaniangalia usoni ajue kama ni kweli. Tulirudi mara nne, na kiapo cha wakili juu, mpaka likanyooka. Njiani kurudi aliniuliza, "Mama, sasa mimi ni yule yule?" Nikamnunulia juisi ya miwa tukakaa kivulini mpaka uso wake ukarudi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mnadani kutafuta makoti. Hapa kwetu makoti ya baridi hayana mnunuzi ila watu wa Lushoto, kwa hiyo yanalala chini ya rundo, yamebanwa, yananuka marobota. Muuzaji aliyachomoa kama anavuta samaki mkubwa. Salim akavaa moja jekundu palepale juani, jasho likamchuruzika, akakataa kulivua. Kwenye mfuko wa ndani wa lile langu nilikuta tiketi ya treni iliyofubaa, maandishi yamebaki kivuli tu. Koti hilo limeshavuka bahari mara moja kuja kwetu. Tiketi sikuitupa, nimeirudisha mfukoni.

Lakini kazi iliyonichukua muda kuliko viza ni madeni. Mama yangu ndiye aliyeniambia. Nilimpelekea habari ya pasipoti kutoka, nikitarajia afurahi, akaniuliza, "Umeshamaliza na watu?" Sikumwelewa. Akasema baba hakupanda meli hata mara moja na deni la mtu. Jioni ya kuondoka alikuwa akizunguka mtaa mzima, wa kulipwa amlipe, wa kuombwa radhi amwombe, ndipo arudi kufunga sanduku.

Basi nikaandika orodha. Nilidhani itakuwa fupi. Fundi cherehani namdai yeye, au yeye ananidai? Ananidai, elfu kumi na tano, za sare za mwaka juzi. Alishasahau. Nilipomtolea akazishika muda mrefu, akasema, "Kumbe unaondoka kweli." Kikoba nimekilipa mpaka mwezi wa mwisho na nafasi yangu nimemwachia wifi. Bakuli la Mama Ashura, la shaba, lililokuja na sambusa za futari miaka mitatu nyuma, nimelisugua nikalirudisha na machungwa ndani, maana chombo cha watu hakirudi kitupu.

Halafu nikafika kwa jirani wa upande wa kaskazini. Huyo hatusemezani tangu tulipougombania mwembe, nani aukate na nani ale maembe yake. Miaka miwili tunapishana mlangoni kama wageni. Nilikaa na jina lake kwenye orodha siku sita. Siku ya saba nikapiga hodi. Alikuwa anafua, hakuinuka. Nikamwamkia, shikamoo, maana ni mkubwa kwangu, nikasema nasafiri na nimekuja kuomba radhi kwa lolote nililomkosea. Akaendelea kukamua nguo. Kisha akasema, "Nimekuwia radhi. Na wewe uniwie." Nikamwambia nimemwia. Akauliza watoto watakula nini huko. Tukaongea chakula mpaka adhana ya magharibi, na mwembe hatukuutaja.

Wasia tumeandika pia, mimi na Baba Zuhura, usiku mmoja, milango imefungwa. Nani awachukue watoto likitokea la kutokea. Yeye aliandika, mimi nikasoma, tukatia saini. Hatukuzungumza tena mpaka asubuhi, lakini alinishika mkono usiku kucha.

Na iko hofu moja ambayo sijaiandika kwenye orodha yoyote. Mama ana miaka 78 na sukari. Binti wa mama mdogo amehamia kwake, dawa zimenunuliwa, zahanati iko karibu. Yote hayo nimeyapanga kwa mikono yangu na bado usiku naamka nikijiuliza ni mtoto gani anayemwacha mama yake akaenda kutazama visiwa. Nilitaka mara mbili kuahirisha. Mara zote mbili yeye ndiye aliyenikatalia. Amewahi kusubiri mtu maisha yake yote ya ndoa, anasema, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Jana baada ya alasiri tulikwenda kwake, Barabara ya 9. Tulimkuta barazani anapeta mchele. Zuhura alitaka kumwonyesha njia yetu, akachukua chungwa kikapuni na kalamu, akachora. Tanga hapa, Hamburg hapa, Vancouver ya Kanada hapa. Halafu upande wa pili kabisa, mkabala wa London, akashusha mstari kutoka kikonyo mpaka kitako. Akasema, "Bibi, huu ndio mstari wa tarehe. Ukiuvuka kwenda machweo, siku moja inaruka." Baharini haujanyooka hivyo, unapinda kuvipisha visiwa, lakini kwa chungwa ulitosha.

Tiketi yetu ndivyo inavyosema. Tunaruka Vancouver Alhamisi saa tano usiku, tunakaa hewani saa 11, tunashuka Nadi, Fiji, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri.

Mama akaweka ungo chini. "Na Ijumaa?"

"Haipo, Bibi."

Niliingilia, nikasema kwa hesabu ya kwetu tutapata usiku wa Ijumaa, kwa kuwa usiku hutangulia mchana wake. Mchana ndio hatutauona. Hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama Zuhura.

"Babu yako aliniambia hilo," akasema, "nikamwona muongo."

Ilikuwa safari ya meli ya Pasifiki, mimi sijazaliwa. Aliporudi akamweleza kwamba wiki moja walikosa Ijumaa. Mama akadhani aliacha kuswali huko kwenye bandari za watu, akatunga. Akamnunia siku mbili. Baba akaeleza mara moja tena, akanyamaza, na hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini.

Nilimwambia si yeye peke yake aliyeona ajabu. Mwaka 1522 mabaki ya msafara wa baharia Magellan, wakiwa wamezunguka dunia nzima kwa upande huohuo wa machweo, walitia nanga Cape Verde. Daftari lao la safari lilisema Jumatano, na watu wa nchi kavu wakawaambia ni Alhamisi. Walikuwa wameandika kila siku bila kuruka, na bado siku moja haikuwepo. Kati yao 18 tu ndio waliofika Hispania na chombo kile. Zuhura naye akamweleza Samoa, ambayo mwaka 2011 iliamua kuhama upande wa mstari ili iende siku moja na Australia na New Zealand inazofanya nazo biashara, na siku waliyoiruka ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Desemba. Nchi nzima ililala Alhamisi ikaamka Jumamosi.

Mama akalichukua chungwa. Akauliza meli ya babu ilipita wapi. Hatukujua, Zuhura akamwonyesha tu pale mstari ulipo. Akaweka kidole gumba juu yake, kidole chenye unga wa mchele, akakaa nacho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikumuuliza anasema nini, lakini jina la baba nililisikia.

Tulipokuwa tunaaga akaniuliza siku hiyo hapa Tanga itakuwa saa ngapi. Nikapiga hesabu kwenye simu. Tukiruka Vancouver, kwake itakuwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Tukishuka, Ijumaa ileile saa mbili usiku.

"Kwa hiyo wakati wa adhuhuri mtakuwa juu."

"Ndiyo, Mama."

"Na simu haitapatikana."

"Haitapatikana mpaka tushuke."

Akatikisa kichwa, akavaa kandambili yake mguu mmoja, akatulia. "Sawa. Nitajua mko wapi. Baba yako nilikuwa sijui." Akanifanya niiandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani, mwezi wa nane, kwa kalamu nyekundu.

Salim alitaka kulimenya lile chungwa. Mama akalipokonya, akaliweka juu ya kabati karibu na redio. Zuhura akamwambia, "Bibi, litaoza kabla hatujafika."

"Nitanunua lingine," akasema. "Nitachora mwenyewe."