Siku moja na fundi wa kumalizia jipsam, kabla rangi haijagusa ukuta

Wadau, wengi mnaona ukuta ukishapigwa rangi tu, leo niwape siku yangu yote ya kazi inayotangulia hapo. Bodi za jipsam zimeshafungwa, puti (ule uji mzito wa kuziba maungio na matundu) ya kwanza na ya pili zilishapita, bado ukaguzi na marekebisho, na kwangu hapa ndipo ukuta unapopatikana au kuharibika.

Saa 1 asubuhi naingia na taa kabla sijagusa mwiko. Taa naibana karibu kabisa na ukuta ili mwanga utambae juu yake, maana ukiumulika kwa mbele kila kitu kinaonekana safi, ukiulaza mwanga ndio unaona mabonde, mistari ya mwiko, vichwa vya skrubu, vyote vinatoa vivuli. Kila kasoro naizungushia penseli, tena kwa mkono mwepesi. Peni na maka marufuku chumbani kwangu, wino unapenya hadi juu ya rangi na ukishatokea utahangaika nao sana.

Saa 2 ni zamu ya skrubu. Napitisha skrepa juu ya kila kichwa, ikikwaruza chuma ujue hiyo imechomoza. Skrubu inatakiwa izame kidogo tu bila kupasua karatasi ya bodi, kwa sababu ile karatasi ndio inayoshikilia, ikipasuka pale kichwa kinakuwa kimezama kwenye jipsam ya ndani tu na bodi inabaki inacheza. Dawa yake sio kuikaza zaidi, unafunga nyingine pembeni kama sentimita 4 au 5 huku umeigandamiza bodi kwenye fremu kwa mkono, ndio unaitoa ile mbovu na kuziba tundu.

Saa 3 nagonga tepu, ile inayofunika maungio ya bodi, kwa kidole kwenye jointi zote. Ikilia tupu, chini hakuna puti ya kutosha, na jamani msifunike hilo lengelenge kwa puti juu, litarudi tu siku rola yenye maji maji ikipita. Nakata kwa wembe mpaka nifike tepu ilipong'ang'ania vizuri, natoa kipande chote. Sehemu ambayo karatasi ya bodi imechunika ikabaki ile ya kahawia inayotoa manyoya, naipaka praima (rangi ya msingi) kwanza ikauke, maana hiyo ikinywa maji ya puti inavimba palepale.

Saa 4 nakoroga. Kwa marekebisho ya kina natumia puti ya unga ile inayoganda yenyewe, ya dakika 45, sio ya ndoo iliyokorogwa tayari ambayo inasubiri maji yapotee hewani, inasinyaa na inaweza kuchukua siku nzima. Maji yanatangulia, unga unafuata. Na ndoo iwe safi kabisa, hili nalisisitiza kwa dogo, msaidizi wangu, kila siku: mabaki ya puti iliyoganda yakichanganyika na mpya yanaiharakisha kuganda, ile ya dakika 45 unaweza kukuta imekuwa jiwe hata nusu ya muda haijafika. Ndio maana nakoroga kidogo kidogo.

Hapa hadi saa 6 niko kwenye jointi za vichwa, pale kingo fupi za bodi zinapokutana, na ndizo zinazonila muda. Bodi kwenye kingo zake ndefu imebonyezwa kidogo kiwandani ili tepu na puti vikae usawa, lakini vichwani haina huo mbonyeo, kwa hiyo puti yoyote unayoweka pale lazima inyanyuke juu ya bodi. Dogo akaniuliza, "Fundi mbona unaipanua hivyo, si jointi ni hii hapa katikati?" Nikamwekea rula ndefu juu ya jointi akaona yenyewe inavyobembea, kilima kipo. Kilima hukiondoi, unakitandaza. Navuta puti sentimita 30 kila upande, mwiko mpana, ukingo wa nje nimeukandamiza na wa ndani nimeulegeza, mpaka jicho lisijue kinaanzia wapi. Ukikisugua kwa msasa ili kishuke unaifikia tepu, umerudi mwanzo.

Mchana tunapumzika, puti inageuka kutoka kijivu kuwa nyeupe. Pale penye kijivu bado maji yapo, usiguse.

Saa 8 msasa. Naanza na namba 150 namalizia na 220, mkono mwepesi, natafuta kingo za puti tu na sio karatasi, karatasi ikisuguliwa inatoa manyoya na rangi inayaonyesha yote. Barakoa ya N95 haitoki usoni, ile ya kitambaa haitoshi, vumbi hili ni laini mno na linakwenda mapafuni. Na kama unabomoa au kusugua kuta za zamani, simama kwanza zipimwe, puti za zamani nyingi ziliwekwa asbesto, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, Marekani waliipiga marufuku kwenye puti za aina hii mwaka 1977.

Saa 10 vumbi linavutwa kwa mashine, ukuta unapitishwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ndio praima ukuta mzima. Kuna watu wanairuka, inaniuma sana. Karatasi na puti havinywi rangi sawa, bila praima utaona kila jointi imetokeza kama mchirizi usiong'aa sawa na wenzake, hata uongeze koti ngapi.

Saa 11 na nusu praima imekauka, narudisha taa pembeni. Sasa ukuta una rangi moja na tundu ndogo ndogo ambazo weupe wa puti ulizificha zinaonekana. Naziziba kwa puti laini ya ndoo, safu nyembamba, naziacha zilale.

Fundi rangi akija kesho asubuhi maagizo yake ni haya: hizo sehemu zipigwe msasa kidogo na praima tena kabla ya koti ya kwanza, na ule ukuta wa korido unaopigwa na mwanga wa dirisha kwa pembeni uwekewe rangi isiyong'aa. Mwenye nyumba anataka ya kung'aa pale, nimeshamwambia kama ni hivyo niachiwe siku moja zaidi niuskimu ukuta wote, yaani niupake wote safu nyembamba ya puti.