Alipokataa Kuguswa

Masika ya 2019 tulikuwa tunakaa Kangemi, chumba kimoja, na kreti ya simbilisi wetu wawili, wale wanyama wadogo waitwao pia guinea pig, ilikuwa chini ya meza. Pendo na Tunu, majike wa tumbo moja. Binti yangu Mwende, wakati huo ana miaka tisa, alikuwa akirudi shule anapiga magoti kabla hata ya kuvua viatu, nao wakisikia mfuko wa majani wanapiga mluzi mpaka jirani anacheka.

Manyoya ya Pendo yalianza kunyonyoka mabegani. Ngozi ilikuwa kavu, imejaa magamba meupe. Muuzaji wa dawa za mifugo niliyemwonyesha picha kwenye simu alisema ni choa, akaniuzia mafuta. Nikapaka. Tena, kwa kuwa niliamini uchafu ndio chanzo, nikamwogesha kwa sabuni ya kipande mara mbili kwa wiki. Ngozi ikapasuka zaidi, na kwa kucha za nyuma akajichimba vidonda. Bado naumia nikikumbuka kwamba nilikuwa namwosha mgonjwa kama nguo.

Usiku mmoja Mwende alimshika mgongoni. Pendo alijikuna kwa kasi ya kutisha, akapinduka ubavu, miguu ikatupatupa hewani, macho yamemtoka. Niliona kifafa. Mwende alilia, "Mama, nimemuua?" Yule mnyama alitulia baada ya muda, akabaki anahema, nasi hatukulala.

Asubuhi nilimtia kwenye katoni ya maziwa niliyoitoboa matundu, na Tunu pembeni yake ili asiogope, tukapanda matatu hadi Uthiru kwa daktari wa mifugo. Daktari hakumshika haraka. Alikwangua ngozi kidogo kwa wembe, akaweka kwenye kioo, akachungulia kwenye hadubini, kisha akamwita Mwende naye achungulie. Vilikuwa vidudu, utitiri wa ukurutu wa simbilisi, wanaochimba ndani ya ngozi na hawaonekani kwa macho matupu. Kile nilichodhani ni kifafa kilitokana na mwasho wenyewe. Unaweza kumzidi mnyama hadi akaanguka.

"Mama Mwende, nyumbani kuna mtu anajikuna?"

Nilitaka kusema hakuna. Mwende akavuta mkono wa sweta. Vipele vyekundu, kuanzia kiwiko hadi kifundo, mahali anapompakata Pendo. Alikuwa amenificha wiki nzima akiogopa nitawatoa nyumbani. Daktari alimtuliza: utitiri huu haudumu kwa binadamu, mnyama akipona na vipele vitakwisha.

Alimpima Pendo kwenye mizani, gramu 640, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito na mnyama mdogo hivyo hastahimili kukisia. Akamchoma sindano ya ivamektini chini ya ngozi. Tunu naye akachomwa, ingawa manyoya yake yaling'aa. Tukaambiwa turudi baada ya siku kumi, kisha siku kumi tena, maana dawa huua vidudu lakini mayai hubaki, na yakianguliwa lazima yakute dawa nyingine. Alimkata Pendo kucha za nyuma. Akauliza anakula nini, nikasema nyasi na pumba. Hapo ndipo nilipojua kwamba simbilisi, kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C; akiikosa, manyoya hukakamaa, viungo vikavimba, fizi zikatoa damu. Tangu siku hiyo mama mboga alinifungia kipande cha pilipili hoho na majani ya sukuma wiki kila jioni.

Maranda yote tuliyatupa, kreti nikaimwagia maji ya moto na kuianika juani. Sabuni haikumgusa tena.

Baada ya sindano ya tatu, mabega ya Pendo yalikuwa na vinyweleo vifupi, vyeusi, vyororo kama vya kifaranga. Mwende aliweka kidole kimoja tu, akangoja. Pendo aliendelea kutafuna hoho. Akaweka cha pili.